Dirisha Lililoachwa Wazi

Jua la mji ule lilisimama saa saba ya mchana, siku aliyochinjwa Rosalia, na halikushuka tena. Lilisimamaje, waulizwe wenye elimu ya nyota. Mimi nasimulia kilichoonekana. Wiki ya kwanza watu walilia, wiki ya pili wakashona mapazia mazito, na baada ya hapo wakazoea, maana binadamu ukimpa nafasi atazoea hata kuishi ndani ya tanuri. Walilala mwili ulipochoka, wakaamka njaa ilipowaamsha. Watoto wakazaliwa, wakaota meno, wakaota ndevu, bila kuona kivuli kirefu kuliko unyayo wa mtu. Wachache waliokumbuka habari za jioni walionekana wanatia chumvi.

Katika mji huo, mtu mmoja tu ndiye aliyedhani anajua kwa nini jua limekwama, na mtu huyo alikuwa akichonga penseli. Jina lake Liborio. Alikuwa mtunzi wa opera, ile michezo inayoimbwa tangu salamu hadi mazishi, na kwa muda wote ambao jua lilikuwa limesimama alikuwa akitunga opera moja tu, akiifuta na kuianza upya, mpaka nywele zake nyeusi zikawa nyeupe. Sasa ilikuwa imekamilika. Lilikuwa limebaki neno moja, nalo halikuwa lake kuliandika.

Hapo zamani, opera za mji ule zilikuwa za miungu na wafalme. Mfalme akichomwa mkuki aliimba robo saa nzima, akaaga farasi, akaaga upanga, akaaga mawingu, ndipo akajilaza taratibu asichafue joho. Watu walilia, wakafuta machozi, wakaenda kula. Kisha kikaja kizazi cha Liborio, watunzi wenye viatu vilivyotoboka na hasira ya kweli, wakasema basi, imetosha. Tunataka muuza samaki aimbe. Tunataka mke wa mkokotaji aimbe, na matusi yake yaimbwe, na jasho la kwapani liwe na muziki wake. Mmoja wao aliishi na wachimba makaa mpaka akaanza kukohoa mavumbi meusi, akaandika kikohozi chake kwa zeze kumi na mbili. Mwingine alipandisha jukwaani punda wa kweli, na punda akafanya mambo ya kweli mbele ya wake za mahakimu. Walibomoa hata paa la ukumbi mkuu ili jua lenyewe liwe taa. Watu walijazana wakapigana milangoni, kwa sababu hakuna kinachomvutia mtu kama kuona damu ya jirani yake ikiwa imepangiwa sauti nzuri.

Ukweli huo ukatungiwa sheria. Kila opera mpya ilipooneshwa mara ya kwanza, yule mwenye kisa, au ndugu yake wa karibu aliyebaki, aliletwa ukumbini na kiti chake mwenyewe kutoka jikoni kwake. Kiti kiliwekwa mbele ya viti vyote vya mahameli. Mchezo ukiisha, kabla mtu hajapiga kofi, msimamizi wa ukumbi alimwuliza swali moja: ndivyo au sivyo? Akisema ndivyo, opera ilikuwa hai, ikatembezwa miji yote. Akisema sivyo, karatasi zote zilichomwa palepale, na mtunzi hakuruhusiwa tena kushika penseli maisha yake yote. Watunzi watatu walikwisha kuambiwa sivyo. Mmoja alijinyonga kwa uzi wa fidla, wawili walikuwa wakiuza vitunguu.

Kiti cha opera ya Liborio kilikuwa cha Bi Agripina, mama yake Rosalia.

Kuna swali lililomla Liborio kama mchwa anavyokula boriti, polepole, kwa ndani. Mtu huimba kwa sababu ameumia, au huumizwa ili aimbe? Aliliuliza swali hilo akinyoa ndevu, akaliuliza akitafuna mkate, na kila alipoliuliza alijibiwa na ua mmoja mdogo wenye sakafu ya mawe, mbao zilizoanikiwa nyanya za kusaga, na mwanamke aliyeinamia mbao hizo mikono ikiwa imekolea wekundu hadi viwikoni. Wakati huo Liborio alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Alikuwa amepanga chumba cha juu kinachotazama ua huo. Mji mzima ulikuwa umelala, madirisha yote yamefungwa kwa sababu ya joto, isipokuwa lake. Mume wa Rosalia, mchinjaji wa mtaa, aliingia uani na aproni yake ya kazini, hakufoka, hakuuliza lolote. Alimshika nywele kama alivyozoea kushika vichwa vingine. Liborio aliona kisu. Kifua chake kikajaa pumzi ya kupiga kelele, pumzi nzuri, ya kutosha kuamsha mitaa miwili.

Ndipo Rosalia alipolia. Kilio kile kilianza chini, kikapanda, kikavunjika, kikapanda tena hadi mahali ambapo hakuna mwimbaji aliyewahi kufika. Na mkono wa kulia wa Liborio, bila kumwomba ruhusa mwenyewe, ukashika penseli.

Aliandika. Kisu kikaingia mara ya pili, akaandika. Kikaingia mara ya tatu chini ya ziwa, damu ikaruka juu ya mbao za nyanya na hapakuwa na tofauti ya rangi, naye akaandika, tena kwa mwandiko safi. Kati ya kilio cha kwanza na cha tatu palikuwa na nafasi ya mtu kushuka ngazi na kupanda na kushuka tena. Mchinjaji akafuta kisu kwenye aproni, akakaa juu ya jiwe, akasubiri kukamatwa. Mama yake Rosalia alipoingia uani akikimbia, Liborio alivuta ubao wa dirisha kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ulikuwa na kazi.

Ningeshuka, alijiambia Liborio. Ningeita tu, hata jina lake. Lakini ningeita, kilio kingekatika katikati, na nani angekijua leo? Angekuwa hai. Angekuwa hai, mnene, mwenye wajukuu, na hakuna ambaye angemjua. Sasa atajulikana miji yote. Na wewe je, Liborio, nani atakujua? Hayo ndiyo maneno aliyolala nayo na kuamka nayo, na juu yake jua halikusogea hata unywele.

Waimbaji aliwachagua mwenyewe. Hakutaka wale wa chuoni wanaolia kwa adabu. Nunzia, atakayekuwa Rosalia, alimtoa kwa madobi, mwanamke wa mabega mapana na sauti iliyoweza kufika ng'ambo ya mto na kurudi. Gaspare, atakayekuwa mchinjaji, alimtoa kwa wakokotaji wa mikokoteni. Hakuna kati yao aliyejua kusoma muziki. Nunzia alishika kwa sikio, Gaspare alishika kwa kuhesabu. Gaspare huyu alikuwa mtu mpole sana nje ya jukwaa, anayewaomba radhi paka akiwakanyaga mkia, na ilibidi afundishwe mauaji kama mtu anavyofundishwa kufunga hatamu. Anaingia, kisu amekificha mgongoni. Ngoma kubwa inalia mara moja. Kuanzia hapo anahesabu kumi na sita kwa kidole gumba, kidole kikigonga mpini wa kisu kule mgongoni, ambako watazamaji hawaoni. Ikifika kumi na sita Nunzia amekwisha kumgeuzia mgongo akimbie, na mgongoni, ndani ya nguo, amefunga ubao wa mwaloni na kibofu chenye damu ya ng'ombe. Gaspare anapiga kwa nguvu zake zote. Kisu kinakwama kwenye ubao, damu inaruka, ukumbi unazimia.

Kisu kilikuwa cha kweli, bila shaka. Siku hizo mwenye kupanda jukwaani na kisu cha bati angezomewa hadi kwao.

Walifanya mazoezi mara mia tatu, na mambo yakaanza kuchanganyika, kama yanavyochanganyika pasipo na machweo ya kuitenga siku na siku. Madobi wenzake walipomwita Nunzia kwa jina lake hakugeuka. Walipomwita Rosalia aliitika. Gaspare akipita sokoni, akina mama walimwomba awapimie maini, naye alijikuta akiuliza ratili ngapi. Alijinusa mikono, akaiosha kwa majivu, akajinusa tena. Alimwambia Liborio kwamba anaogopa. Liborio alimwambia kwamba hiyo ndiyo dalili ya kazi nzuri, akarudi kwenye karatasi zake.

Zilipobaki siku mbili, yaani kulala mara mbili, Bi Agripina alikuja kutazama zoezi. Alikuwa mwanamke mfupi aliyekauka, aliyevaa nguo nyeusi tangu siku ile, na nyeusi hiyo ilikuwa imechujuka kwa jua mpaka ikawa rangi ya udongo. Alitazama yote bila kupepesa. Alipoulizwa, alisema nyanya ni zenyewe, aproni ni yenyewe, na mwanamke yule anashika kiuno kama mwanawe alivyokuwa akishika. Kisha akauliza dirisha liko wapi.

Liborio aliuliza dirisha gani.

"Madirisha yote yalikuwa yamefungwa ila moja," alisema Bi Agripina. "Nilipoingia uani nilitazama juu nikaona mkono unavuta ubao. Mkono wa kushoto. Mtu alikuwa pale, bwana Liborio. Alikuwa pale muda wote. Mchinjaji nilimwona akinyongwa, nikarudi nyumbani nikapika. Huyo wa dirishani ndiye ninayekula naye na kulala naye. Mweke. Usipomweka nitasema sivyo."

 Liborio angeweza kupiga magoti wakati ule, na pengine tungekuwa tumemaliza hapa. Lakini mtu aliyetunga kwa maisha yake yote anajua kupata njia ya kutumia kila kitu, hata fedheha yake. Alimwambia mama yule kwamba atamweka. Akarudi nyumbani, akaandika dirisha upande wa jukwaa, juu, nyuma ya mchinjaji, urefu wa mtu na nusu. Ndani ya dirisha, mtu mwenye karatasi juu ya goti. Ili dirisha lionekane, aliongeza hesabu nane za kimya baada ya nane za kwanza: katika kimya hicho Rosalia hageuki kwanza, anainua uso, anamwona mtu wa dirishani, anamngoja. Mtu haimbi. Mtu anaandika. Ndipo Rosalia anageuza mgongo, na kisu kinashuka kwenye ishirini na nne. Ilikuwa sehemu nzuri kuliko zote alizowahi kutunga, naye alilijua hilo, na akalia kwa furaha na kwa kujichukia, machozi yaleyale mamoja.

Hakuna mwimbaji aliyekubali kukaa dirishani. Mwimbaji gani akubali nafasi isiyo na hata noti moja? Liborio akasema basi, atakaa mwenyewe, na watu wakacheka wakaona ni ukarimu.

Siku yenyewe, kabla ya ukumbi kujaa, alimwita Gaspare, akamwambia sasa ni ishirini na nne. Gaspare akasema, ndiyo, Mwalimu, ishirini na nne. Wakaijaribu mara mbili, ikatoka sawa. Mara mbili. Na mkono ule ulikuwa umefanya kumi na sita mara mia tatu.

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakaketi juu ya kuta palipokuwa na paa. Jua lilimwagika jukwaani, nyanya zikaanza kunuka kwa kweli. Kiti cha jikoni cha Bi Agripina, chenye mguu mmoja uliofungwa kamba, kilikuwa mbele peke yake. Sehemu za mwanzo zilikwenda kama maji. Watu walicheka pa kucheka, wakatukana pa kutukana, na mwanamke mmoja alimrushia Gaspare kiatu. Kisha zeze zikanyamaza moja moja. Nunzia akainamia mbao, mikono myekundu. Liborio, aliyekuwa amejificha nyuma ya mandhari ya jukwaa, akausukuma ubao wa dirisha kwa mkono wa kushoto, akaweka karatasi juu ya goti.

Bi Agripina alisimama. Aliutazama ule mkono wa kushoto, kisha penseli, kisha uso. Hapakuwa na haja ya mtu kumwambia. Liborio aliyaona macho ya mama yule yakimtambua, na jambo la ajabu ni kwamba alipumua, kama mtu aliyetua gunia. Kwa sababu neno alilolingoja kwa maisha yake yote lilikuwa limekwisha kufika mdomoni mwa mama yule. Aliliona. Alichotakiwa kufanya ni kukaa kimya na kuandika, na lingetoka: ndivyo. Kwa mtunzi yeyote wa kizazi chake, hakukuwa na pepo nyingine.

Gaspare akaingia. Ngoma ikalia.

Kutoka dirishani Liborio alikuwa mtu pekee katika ukumbi ule aliyekiona kisu kule mgongoni, na kidole gumba kikigonga mpini. Moja. Mbili. Uso wa Gaspare hakuuona, lakini shingo yake aliiona, na haikuwa shingo ya mkokotaji mpole. Saba. Nane. Nunzia akainua uso kuelekea dirishani, kama alivyofundishwa, kifua wazi mbele ya mchinjaji, ubao wa mwaloni ukiwa mgongoni usio na kazi. Kumi. Kumi na moja. Na hapo Liborio akaona kidole kinabana mpini na vifundo vinakuwa vyeupe, jinsi vilivyokuwa vyeupe mara mia tatu vikijiandaa kwa kumi na sita. Mkono umesahau. Mkono unakwenda pale ulipozoea.

Kumi na mbili.

Kifua chake kikajaa pumzi. Aliifahamu pumzi ile, haikuwa imezeeka hata kidogo. Chini pale Nunzia alikuwa akimtazama na macho yalikuwa ya Rosalia, hayaigizi, yanangoja. Na kiti cha mbele kilikuwa kinangoja. Nyamaza, Liborio, ni hesabu nne tu. Nyamaza, na kilio atakachokitoa huyu kitakuwa cha kweli kuliko kile cha kwanza, na hakuna atakayejua, watasema mkono wa Gaspare, watasema bahati mbaya. Kumi na tatu. Akatazama chini akaona penseli tayari inatembea juu ya karatasi. Alikuwa anaandika. Mungu amrehemu, alikuwa tayari anaandika.

Kumi na nne.

"Kimbia!" alipiga kelele. "Rosalia, kimbia, atakuua!"

Ukumbi mzima ulitweta kwa raha. Hawakuwahi kusikia sauti ya kweli namna ile, walidhani imetungwa. Nunzia hakukimbia, kwa kuwa hakufundishwa. Na mkono wa Gaspare ulikuwa umekwisha kutoka mgongoni. Liborio akajirusha dirishani. Aliangukia bega la Gaspare, mfupa wa mguu wake ukalia kama ukuni unaovunjika, na kisu kikishuka alikidaka kwa kitu cha kwanza alichokuwa nacho, mkono wa kulia, kwa makali yake. Kisu kilipita. Kilichukua vidole viwili na nusu ya kiganja, kikapoteza nguvu, kikachora kifua cha Nunzia mstari wa urefu wa shubiri, wa ngozi tu, kikaanguka. Wote watatu wakaanguka juu yake. Kibofu kikapasuka chini ya Nunzia, na damu ya ng'ombe na damu ya watu zikaenda pamoja hadi ukingoni mwa jukwaa, zikadondokea wapiga zeze.

Watu walipiga makofi. Hilo nalo nilitaje, ingawa linanitia haya. Walisimama wakapiga makofi, wakarusha kofia, wakalia kwamba huu ndio ukweli, huu hapa, mpaka Gaspare alipokaa kitako katikati ya damu, akaokota kidole, akakitazama, akaanza kulia kama mtoto akiuliza ni cha nani. Hapo makofi yakafifia, yakafa.

Msimamizi wa ukumbi alikuwa mtu wa sheria. Alitimiza kazi yake. Alimgeukia mama aliyesimama mbele, akamwuliza ndivyo au sivyo.

Bi Agripina alimtazama Liborio. Mtunzi alikuwa amelala ubavu, mkono ameukumbatia kifuani, mguu umepinda mahali pasipopinda.

"Sivyo," alisema. "Siku ile hakushuka mtu."

Karatasi zote zilikusanywa, zikachomwa kwenye karai mbele ya jukwaa, na kile kilio cha Rosalia kikaungua pamoja nazo, maana hakikuandikwa mahali pengine popote. Liborio aliutazama moto. Alikuwa akilia, na mkono uliokuwa ukiandika kila kitu haukuwa na cha kuandikia.

 Nunzia alijiinua kwa kiwiko, akajigusa kifua, akatazama vidole vyake vyekundu, akasema anataka maji. Alisema tu, bila sauti ya kuimba. Watu hawakujua wafanye nini na ombi kama hilo, wakatazamana. Bi Agripina akaenda hadi kwenye ndoo ya wazima moto iliyokuwa mlangoni, akachota kata moja, akarudi nayo akipita katikati ya viti vya mahameli, taratibu, asimwage. Alipofika ukingoni mwa jukwaa, mtoto mmoja aliyekuwa juu ya ukuta alipiga ukelele wa hofu, akionesha kwa kidole. Mbele ya miguu ya mama yule, juu ya mbao, kilikuwa kimelala kitu cheusi chenye umbo lake, kirefu kuliko yeye mwenyewe, na kilikuwa kinazidi kurefuka.

Bi Agripina alikikanyaga akapita. Akapiga magoti karibu na Nunzia, akamshika shingo kwa nyuma, akamnywesha.